Ganda halitoki, na mama watoto kahamia chumba cha watoto

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 45, naishi Masasi. Nina duka la vifaa vya ujenzi na kando yake kibanda cha wakala wa fedha za simu. Nina mke mmoja na watoto watatu, mdogo ana miaka 9. Huwa nasoma wenzangu wanavyokuandikia mambo ya ndoa na mirathi, nikajiuliza kama langu linafaa kuletwa kwako, maana limeanzia kwenye chuma. Naomba univumilie nianze na hicho chuma.

Mwaka 2014, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilivamiwa saa mbili usiku nikifunga duka. Vijana wanne. Walichukua mauzo ya siku tatu na kuniachia panga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilishonwa, mfupa ukaunga, lakini vidole viwili vya mwisho havikunji vizuri mpaka leo. Nilipopona niliomba kumiliki silaha. Nikajaza fomu, nikahojiwa kila ngazi, na 2016 nikapata kibali. Fedha ya kununua mpya sikuwa nayo. Mzee mmoja mstaafu aliniuzia yake, kwa utaratibu wote wa polisi, na boksi mbili za risasi alizokaa nazo miaka mingi. Ni bastola ya zamani ya milimita 9, ya Ulaya, rangi imepauka kwenye kona, magazini yake inabeba risasi 13.

Sijawahi kumfyatulia mtu, namshukuru Mungu. Imekaa kwenye mfuko wake wa ngozi ndani ya kabati lenye kufuli. Mara mbili kwa mwaka naitoa, naifuta, naipaka grisi, narudisha. Novemba iliyopita nilipata ruhusa ya kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha chini ya msimamizi, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Risasi ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu ganda halikuruka, lilibanwa pale kwenye mlango wa kutokea maganda likasimama wima kama bomba la moshi. Nikalitoa kwa mkono. Ya tano vilevile. Ya saba ganda lilibaki ndani kabisa ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, risasi mpya ikaja kuligonga kwa nyuma, vikakwamana vyote viwili. Msimamizi akaichukua, akaikwamua, akapiga tano yeye mwenyewe. Zote zilitema maganda, ila hayakuruka mbali, moja lilimwangukia kwenye kiatu. Akanirudishia akasema, "Mzee, ipeleke kwa fundi." Wenzangu wawili waliokuwapo walicheka. Na mimi nilicheka.

Sikuipeleka. Huku kusini simjui fundi wa silaha mwenye leseni, na kusema kweli sikutaka kusimulia tena. Nikawa naifungua usiku mezani watoto wakishalala, naangalia video kwenye simu. Nikaongeza grisi ya bearingi ninayouza dukani. Rafiki yangu fundi pikipiki aliniambia hiyo ni kazi ndogo: kile kidude kinachovuta ganda atakichonga kwa tupa kipate makali, na springi atanikatia ya klachi. Sikumpa, lakini nilikuwa karibu.

Usiku mmoja wa Januari nikaitoa tena. Mchana nilikuwa nimekwenda nayo benki. Nikatoa magazini, nikakoki mara mbili, hakikutoka kitu. Nikajua tupu. Nilipomaliza kuipapasa nikataka kuirudisha kabatini nyundo ikiwa imeshuka. Hii bastola haifyatuki bila magazini ndani, kwa hiyo nikaingiza magazini tupu, nikaielekeza chini pembeni, nikavuta triga.

Risasi ilipita kwenye ukingo wa meza ikaingia kwenye gunia la mchele lililoegemea ukuta. Ng'ambo ya ukuta ule ndipo kinapolala kitanda cha binti yangu mdogo. Iliishia humo humo kwenye mchele. Nilisimama nasikiliza mchele unavyomwagika sakafuni. Sijui kwa nini nakumbuka sauti ile kuliko mlipuko wenyewe.

Majirani walipogonga nikasema tairi la pikipiki limepasuka. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu, amembeba mtoto, ananisikiliza. Jumamosi yake aliwachukua watoto akaenda kwa mama yake Mikindani. Wiki tatu. Amerudi kwa sababu ya shule, lakini analala chumba cha watoto. Ananipikia, ananisalimia, basi. Mara moja tu alisema: "Mimi na hilo dude hatulali nyumba moja, na wewe ndiye mwenye nyumba." Gunia bado lipo pale, tundu nimeliziba kwa kitambaa. Mchele ule haupiki. Ananunua kilo mbilimbili dukani kwa jirani.

Msimu unakuja, fedha zitaanza kupita mikononi mwangu tena. Kaka yangu ananiambia nikiirudisha polisi nitakuwa nimewaambia wezi mlango uko wazi. Mimi silali. Mbwa akibweka naamka kuishika, na nikiishika sasa naiogopa yenyewe. Niitengeneze, niiuze, au niirudishe? Kosa ni la springi, risasi, au nini? Na mama watoto nimwambie nini?

Msomaji, Masasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa Januari, na pole kwa 2014, maana nahisi hiyo ya pili hujapewa pole ya kutosha.

Umeuliza kama jambo lako linafaa kuletwa hapa. Marehemu mume wangu alikuwa bwana nyama, tumeishi Liwale miaka mingi na bunduki ya serikali ndani ya nyumba. Kwa hiyo chuma hakinitishi kukizungumza. Lakini ufundi wake siujui, na sikutaka kukubahatishia. Sehemu ya barua yako inayohusu bastola nilimsomea jirani yangu hapa Lindi, fundi silaha mstaafu wa jeshi, bila kumtajia Masasi wala duka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya uwanja wa shabaha, kisha akaniomba nirudie tena pale ulipokoki mara mbili. Nitakupa maneno yake kwanza, kisha yangu.

Nilivyokuelewa, una silaha uliyoitafuta baada ya kuumizwa. Siku ulipoijaribu mbele ya watu ikakuangusha, ukaona haya, ukaamua kuimaliza mwenyewe usiku kimyakimya. Katika kuimaliza ukaponea chupuchupu kumuua mwanao. Kisha ukasema uongo mbele ya mtu pekee aliyejua ukweli. Sasa msimu unakaribia na kila mtu anakusukuma upande wake. Kama nimekosea mahali, nirekebishe.

Fundi anasema umesimulia magonjwa mawili ukidhani ni moja. Risasi ikilipuka, slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma kwa kasi. Kuna kucha ndogo ya chuma inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta kutoka chemba. Ganda likifika nyuma linagonga ncha iliyotulia kwenye fremu, linapinduka, linarukia nje mlangoni. Kwa hiyo kuvuta ni kazi ya mmoja na kurusha ni kazi ya mwingine. Ganda lililobaki ndani ya chemba, lile la saba, linamnyooshea kidole yule wa kwanza: kucha imelika au imevunjika ncha, springi yake imechoka, uchafu umejaa chini yake, au chemba yenyewe ina vijitundu vya kutu vinavyong'ang'ania ganda. Hapo aliuliza inatunzwa wapi. Nilipomwambia mfuko wa ngozi, alitikisa kichwa. Ngozi inanyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma. Bastola hubebwa kwenye ngozi, hailazwi humo miezi sita.

Maganda yaliyosimama mlangoni ni habari nyingine. Yale yalivutwa vizuri, ila slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kuyarusha, ikafunga kabla hayajatoka. Sababu zinazojulikana si nyingi. Risasi zilizozeeka, kama hizo boksi mbili za mzee, baruti yake inaweza kuwa imepungua nguvu. Grisi nzito ya bearingi inaikokota slaidi na kukusanya vumbi, na bastola inataka mafuta mepesi, matone machache tu. Springi ya kurudishia slaidi inaweza kuwa si yake, na hujui mzee aliwahi kubadilisha nini. Na kuna mkono. Bastola ya aina hii inahitaji kifundo kigumu cha kusukumana nacho, na kikilegea, nguvu inayopaswa kuirudisha slaidi inaishia kwenye mkono.

Hapo fundi alinyamaza akaniangalia, na mimi nilikuwa nimeshaona. Mwanangu, umeandika kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Mistari michache chini yake umeandika kwamba msimamizi alipiga tano na bastola ileile, zote zikatoka. Hukuviunganisha. Au uliviunganisha, ukaviacha mbalimbali makusudi?

Sisemi kosa ni lako. Fundi mwenyewe hasemi hivyo. Maganda ya msimamizi kuangukia kiatuni badala ya kuruka mbali kunaonyesha hata mikononi mwa mzima ile slaidi imechoka. Anadhani una mchanganyiko: kucha mbovu, grisi, risasi za zamani, na kifundo. Kujua kipi kina sehemu gani kunataka kubadilisha kitu kimoja kimoja. Risasi mpya kwanza, mikononi mwa mtu mwingine, uwanjani. Kisha mikononi mwako. Kisha springi mpya, kisha kucha. Ukibadilisha vyote kwa siku moja hutajua kilichoponya. Na akasisitiza hili: risasi ikitoa mlio dhaifu, kama mtu aliyepiga kofi la upande, acha hapohapo usipige ya pili, maana kichwa chake kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu.

Kwa maelezo yako ya magazini ya 13 na kutofyatuka bila magazini, anaona ni ile iitwayo Browning Hi-Power, muundo aliouanza mbunifu wa silaha John Browning, akafariki 1926, na mbunifu mwenzake Dieudonné Saive akaumalizia kwenye kiwanda cha FN kule Ubelgiji ukatoka 1935. Majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola yaliibeba. Za zamani zaidi kucha yao imefichwa ndani ya slaidi, kuanzia 1962 ikawekwa nje ubavuni, ndiyo maana kipuri cha moja hakiendi kwenye nyingine. Kiwanda kilitoa mpya yenye jina karibu lilelile mwaka 2022, lakini vipuri vyake haviingiliani na ya kwako. Hakuna wa kumlaumu kiwandani. Umri ni umri.

Sasa sehemu aliyoniomba nirudie. Hii usiisome haraka.

Kucha isiyoweza kulivuta ganda tupu haiwezi kuaminiwa kuivuta risasi nzima. Ulipokoki mara mbili na kisitoke kitu, wewe uliona "tupu". Fundi aliona "kucha haijashika". Uwanjani Novemba bastola ilikuonyesha ugonjwa wake, na Januari ugonjwa uleule ukakudanganya. Kukoki si kuangalia. Magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe na kufungwa nyuma, kisha macho yaingie chemba kwa mwanga, na kidole kidogo kiingie kupapasa, mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu. Mume wangu akitoka porini alikuwa haingii ndani mpaka afungue bunduki chini ya mwembe, aniite, na mimi niingize kidole changu kwenye chemba. Hata nikiwa na unga mikononi. Mwanzoni niliona ananisumbua. Sikuambii umfanyie hivyo mkeo, nakusimulia tu.

Kwa hali ilivyo, fundi anaomba usiitoe tena mezani. Kama hapo ilipo huna uhakika na kilichomo chemba, usijaribu kuhakikisha peke yako usiku. Nenda kituoni mikono mitupu, eleza, wakuambie iletwe vipi au waje na mtu anayejua. Na yule rafiki wa pikipiki, mshukuru na umwambie hapana. Pembe ya ile kucha ni ya vipimo vidogo mno, ukiinyoosha kwa tupa ndiyo unaimaliza. Springi ya klachi haikupimwa kwa kazi ile. Isitoshe, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka atengenezaye silaha awe na leseni ya kazi hiyo, kwa hiyo mtaingia matatani wawili.

Nije kwako.

Umeuliza niitengeneze, niiuze au niirudishe, kama vile jibu la ganda ndilo jibu la nyumba. Nina shaka. Tuseme umepata fundi mwenye leseni Dar es Salaam, polisi wamekupa utaratibu wa kuisafirisha, vipuri vimepatikana, imerudi inatema maganda mita tatu. Mama watoto atahamisha mto wake siku hiyo? Kwa ulivyoandika, yeye hakulalamikia kukwama. Na bado kifundo chako ni kilekile. Hiyo haimaanishi kutengeneza ni kosa. Kama utabaki nayo, kubaki na mbovu ni hatari kuliko vyote. Ila gharama yake si ya vipuri tu, ni pamoja na kukubali kupimwa mkono wako mbele ya mtu, pengine kujifunza upya kushika kwa mikono miwili, pengine kuambiwa aina hii ya silaha haikufai tena.

Kuiuza kunawezekana kwa njia ileile uliyonunulia, kupitia polisi, kwa mwenye kibali. Utamwambia mnunuzi nini kuhusu ganda la saba? Mzee hakukuambia wewe. Labda hakujua, labda alijua.

Kuirudisha, au kuomba ikae kituoni kwanza wakati unafikiri, kunaiondoa nyumbani leo. Uliza kituoni kama hiyo ya pili wanaikubali na kwa masharti gani. Hatari yake unaijua: usiku wa kwanza mbwa akibweka mkono utakwenda kabatini na kukuta hakuna. Sijui utajisikiaje. Huenda ukalala, huenda ukakesha mpaka alfajiri. Kaka yako anasema wezi watajua mlango uko wazi, lakini mimi najiuliza watajuaje, kama si yeye na wewe mtakaosema. Na hebu rudi 2014 kidogo, kama unaweza. Vijana wanne, wewe umeshika funguo, umewapa mgongo. Bastola ingekuwa wapi saa ile? Kiunoni, au kabatini nyumbani? Silijibu swali hili, na usinijibu mimi.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni kupunguza kile kinachotafutwa. Malipo ya wakulima wa korosho siku hizi yanapita benki tangu mambo ya stakabadhi ghalani, lakini najua, mkulima akishalipwa anakuja kwenu mawakala kutoa, na hapo ndipo noti zinapojaa. Kufunga kabla ya magharibi, kupeleka benki mara mbili kwa siku, kupanga zamu na wakala mwenzako msitembee peke yenu, kutofanya safari ya benki saa ileile kila siku. Utapoteza wateja wa jioni, na msimu ndio unaolisha mwaka mzima, sikudharau hesabu hiyo. Ipige ukiwa na kalamu, uone wateja wa baada ya saa kumi na mbili wanakuletea shilingi ngapi hasa.

Kuhusu ile tairi. Risasi imefyatuka ndani ya nyumba ya mwenye leseni na polisi hawajui. Ukienda kueleza, inawezekana wakaichukua, wakakuhoji, wakatazama upya kibali chako. Hiyo ni hatari ya kweli. Usipoeleza, mkeo anabaki ameshikilia siri ambayo hakuichagua, na kila akipishana na wale majirani kisimani anaibeba tena. Nilipousoma mstari ule wa "wewe ndiye mwenye nyumba", wewe uliusikia kama amri ya mwisho. Mimi niliusikia kama mtu anayekukabidhi jambo. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye uliyeisikia sauti yake. Lakini tangu Januari umewahi kumwambia mwenyewe, kwa maneno kamili, kilichotokea? Kwamba ulikoki mara mbili, kwamba uliamini, kwamba ulisikia mchele? Kwenye barua hii umenieleza mimi vizuri sana, na mimi hujawahi kuniona.

Na binti wa miaka 9 alisikia. Watoto hawaamini habari za tairi.

La kutolala. Umeandika kwa mstari mmoja ukapita, mimi nimesimama hapo. Mtu aliyekatwa panga akawa anaamka kila mbwa akibweka, miaka kumi na zaidi baadaye, haumwi woga. Anaumwa kitu kinachojulikana na chenye matibabu. Hospitali ya wilaya wanaweza kukuelekeza, na ukiona Masasi ni karibu mno na macho ya watu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iko Mtwara mjini, huko hakuna atakayeuliza umefuata nini. Na nikuulize kama mama, bila kuzunguka: ukiishika ile bastola usiku, kuna wakati mawazo yanageuka kukuelekea wewe? Kama yapo, hata mara moja, usisubiri majibu ya springi. Itoke nyumbani siku hiyohiyo, na uende hospitali siku hiyohiyo, na kaka yako utamweleza baadaye.

Sikuandikii hukumu. Wewe ndiye unayezijua barabara zako na mkeo. Ila ukiwa tayari kuzungumza naye, usianzie kwenye bastola, na wala usianze kwa kumwuliza atarudi lini chumbani. Kuna gunia limesimama pale ukutani tangu Januari na kitambaa tumboni, wote mnalizunguka mkifagia. Ningependa kujua, ukipata nafasi ya kuniandikia tena, mmelifanya nini, na nani aliyelinyanyua.

Mama Mshauri, Lindi